Mikoa mitano Burundi: tumepunguziwa mzigo au tumeongezewa safari?

Wa Rumonge: Tulikuwa na mikoa 18 na tarafa 119. Sheria ya 2023 imetuachia mikoa 5, tarafa 42. Eti kubana matumizi. Mimi nikimtaka gavana wa Burunga, mkoa wetu mpya, nipande hadi Makamba. Hapo aliyebanwa si mimi?

Kahawa Chungu: Mkoa wenu wenyewe ulizaliwa 2015, umemegwa Bururi na Bujumbura Vijijini. Kiti hakijapata joto mmeshainuliwa, kelele nchi nzima! Sisi Kayanza tumeingizwa Butanyerera, ofisi ziko Ngozi, na tumenyamaza. Rudini ziwani kuvua samaki wenu, mukeke.

Mzee wa Mlimani: Wanangu, gavana mnamwendea mara ngapi? Karatasi zote ziko tarafani. Aliyeumizwa ni yule ambaye tarafa yake imefutwa, si ninyi. Rumonge tarafa mnayo bado.

Wa Rumonge: Ngoja kwanza, mzee. Kahawa Chungu, mukeke umekukosea nini? Ukishuka huku unakula wawili na mifupa hatuioni.

Binti Nyanza-Lac: Wa Rumonge ni wa kubabaisha. Mukeke uko kwetu.

Wa Rumonge: Dada, siku hizi sote Burunga. Unatukana mkoa wako.

Binti Nyanza-Lac: Mkoa tumechanganyiwa. Sufuria bado.

Jirani wa Kigoma: Huyo si mgebuka? Ziwa moja, majina mawili, na mnagombana kama mmemzaa.

Kijana wa Buyenzi: Naomba kurudi kwenye mada. Cibitoke na Bubanza nazo sasa ni mkoa wa Bujumbura. Nikisema "natoka Bujumbura" watu wataelewa niko mjini au mpakani na Kongo?

Kahawa Chungu: Buyenzi ni eneo la kwetu Kayanza na Ngozi, tangu enzi za wafalme. Ninyi wa Bujumbura mjini mna mtaa tu, jina la kuazima.

Kijana wa Buyenzi: Mtaa tu? Huu ndio mtaa wa Waswahili! Kiswahili unachonitukania umekiokota wapi, kwenye mibuni? Usiku huu silali.

Mzee wa Mlimani: Nilisema tarafa...

Wa Rumonge: Mzee, tumekusikia. Aliyeko Makamba aniambie, ofisi ya mkoa wanafungua saa ngapi? Nina faili la shamba, Jumatatu napanda.

Binti Nyanza-Lac: Ukipita kwetu nunua mukeke, ujue tofauti.