Naomba ushauri: Datsun 240Z ya 1972 inazimika ikipata joto, na taimingi haitulii

Pwani240

Ndugu zangu, salaam aleikum. Niliachiwa na ami yangu Datsun 240Z ya mwaka 1972, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikihangaika nayo hapa Mombasa bila kupata jibu. Asubuhi injini inawaka mara moja na kuunguruma vizuri, lakini nikishatoka mjini na kupanda kuelekea Mariakani, huanza kukosa moto kidogo kidogo, kisha hurusha moto kwenye ekzosi na kuzimika kabisa. Nikikaa pembeni ya barabara dakika 30 hivi, huwaka tena kana kwamba hapakuwa na lolote.

Nimebadilisha plagi zote sita, waya za plagi, kifuniko cha distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) na rota yake inayozunguka ndani. Kondensa nimeibadilisha mara mbili. Platini mpya (vile vipande viwili ndani ya distributa vinavyofunga na kufungua njia ya umeme wa cheche) nilizoweka hazikufika kilomita 1,000 kabla ya nyuso zake kuungua na kugeuka rangi ya samawati. Jambo la pili ni kwamba nikimulika puli ya mbele ya injini kwa taa ya taimingi, yaani ya kupima wakati cheche inapotoka, alama haikai mahali pamoja bali inacheza nyuzi tatu au nne, ilhali kitabu cha gari kinataka nyuzi 17 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa kwenye mizunguko 750 kwa dakika. Fundi mmoja amenishauri ning'oe injini yote. Kabla sijafika huko, naomba mnisaidie.

Mkaazi wa Changamwe

Pole sana, ndugu. Mimi ningeanza na mafuta. Katika injini ya gari hilo, iitwayo L24, kabureta zote mbili zimekaa upande uleule wa ekzosi, juu yake hasa, na joto la kwetu linatosha kuigeuza petroli kuwa mvuke kabla haijafika kwenye silinda. Dalili zake ni hizo hizo: gari hufa likiwa na moto na hufufuka likipoa. Funika mabomba ya petroli kwa kitambaa kisichopitisha joto, uone kama kutakuwa na nafuu.

Fundi wa L24

Ndugu wa Changamwe amesema kweli kuhusu mvuke, nami nimeyaona magari ya aina hii yakisumbuliwa nao. Hata hivyo mvuke hauunguzi platini, na platini zilizogeuka samawati ndani ya kilomita 1,000 ndizo ninazoziangalia mimi kwanza. Tusikisie. Gari lenyewe lina chombo cha kutuambia, nacho ni geji ya mizunguko. Katika 240Z za miaka hiyo, umeme unaokwenda kwenye koili (kifaa kinachokuza volti ili plagi zitoe cheche) hupitia kwanza nyuma ya geji hiyo, na mshale wake huenda kwa kufuata mkondo huo. Basi siku litakapozimika tena, usikanyage klachi. Liache kwenye gia ili magurudumu yaendelee kuizungusha injini kwa sekunde chache, na utazame mshale. Mshale ukishuka polepole pamoja na mwendo wa gari, umeme upo na kasoro iko kwenye mafuta. Ukianguka ghafla kwenye sifuri ilhali injini bado inazunguka, umeme umekatika kabla ya kufika kwenye platini au kwenye platini zenyewe.

Ukishasimama, fungua waya zote mbili ndogo za koili na upime omu zake ikiwa ingali ya moto, kisha upime tena ikipoa. Mwisho, ukiwa nyumbani, washa swichi bila kuwasha injini, platini zikiwa zimefunga, upime volti kwenye upande chanya wa koili. Usiache swichi ikiwa imewashwa kwa muda mrefu, maana utaichemsha koili.

Binti wa Gereji, Arusha

Kaka, nikuulize pia: je, gari liliwahi kuwa na tabia ya kuwaka wakati wa kupiga starta na kuzimika mara tu unapoachia ufunguo? Nauliza kwa sababu nimeshakutana na jambo hilo na mafundi hulitibu vibaya.

Pwani240

Dada, umenishangaza. Ami alinisimulia kwamba gari lilifanya hivyo hasa kabla hajalipeleka kwa fundi, nalo likapona siku hiyohiyo.

Jana nilitoka kwa makusudi. Karibu na Mariakani injini ilikata, na mshale ukaanguka kwenye sifuri kwa mara moja, gari likiwa bado linakimbia. Koili ilikuwa haishikiki kwa mkono. Nilipoipima, mita haikuonyesha njia yoyote ya umeme ndani yake. Ilipopoa ikarudi kwenye omu 1.5. Nyumbani, kwenye upande chanya wa koili, nimepata volti 11.8.

Fundi wa L24

Hapo ndipo penyewe. Koili ya omu 1.5 haikutengenezwa kupewa umeme wote wa betri. Kati yake na swichi panatakiwa pawe na rezista (kipande cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 1.6 hivi, ile yenye mwili mweupe wa kauri, na platini zikiwa zimefunga ungepaswa kusoma volti 6 tu. Wakati wa kupiga starta peke yake ndipo umeme unairuka rezista na kwenda moja kwa moja, ili cheche iwe kali betri inapoelemewa. Rezista ikikatika, injini huwaka kwenye starta na kufa unapoachia ufunguo, kama dada wa Arusha alivyouliza. Aliyelitibu gari la ami yako aliunganisha waya mbili na kuiacha rezista nje.

Piga hesabu uone uzito wake. Altaneta ikitoa volti 14, koili peke yake huvuta zaidi ya ampea 9 kila platini zinapofunga. Ikiwa na rezista, huvuta 4.5 hivi. Joto hilo ndilo lililokata waya ndani ya koili, na mkondo huo ndio uliozichoma platini. Weka rezista, koili mpya ya omu zilezile na platini mpya. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, kwa hiyo joto la Mariakani pekee halilishindi.

Kuhusu taimingi, shika mhimili wa distributa uutikise, kisha utikise na sahani inayobeba platini. Sahani hiyo hukaa juu ya vigololi vidogo, na kishikilia vigololi kikivunjika, sahani hulegea na alama hucheza. Weka kwanza mwanya wa platini, milimita 0.5, ndipo uguse taimingi, kwa sababu kila unapobadilisha mwanya unabadilisha taimingi pia. Wakati wa kumulika, chomoa bomba la vakyumu (la mvuto wa hewa) kwenye distributa na uzibe mdomo wake.

Mtaalamu Mpya

Kwa nini asitupe platini kabisa akaweka kifaa cha elektroniki?

Binti wa Gereji, Arusha

Vifaa hivyo ni vizuri, ila vingine hutaka volti 12 kamili na vingine havivumilii koili ya omu 1.5 bila rezista. Angeweka kimoja wiki iliyopita, angekiunguza bila kujua sababu. Alirudishe gari katika hali yake kwanza, ndipo achague.

Pwani240

Narudi kwa shukrani. Rezista nimeipata kwenye gari kuukuu la kuvunja, nayo imepima omu 1.6. Kwenye distributa, vigololi viwili vilikuwa vimedondoka chini ya sahani. Nimebadilisha sahani nzima. Nilihakikisha pia kwa pistoni ya kwanza kwamba alama ya puli haijahama, kwa kuwa pete ya nje ya puli imeshikwa na mpira wa zamani. Sasa alama imesimama kwenye nyuzi 17, na volti kwenye koili ni 6.1. Jumamosi nimekwenda Voi na kurudi mchana wa jua kali, na mshale haukutikisika hata mara moja.