Daktari bingwa wa damu: nianzie wapi nikiwa Mbeya?

Mama ana miaka 58. FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) imeonyesha seli nyeupe 94, bandama imevimba. Nimpeleke wapi?

Mtu wa Maabara: Pole. Kawaida ni 4 hadi 11, msichelewe. Ombeni rufaa Hospitali ya Kanda kwenda Muhimbili, hematolojia (idara ya magonjwa ya damu). Bebeni majibu yote ya FBP, ya zamani pia, na slaidi ya damu (kioo kilichopakwa damu yake). Watu husahau slaidi!

Nesi K: Ulizia kipimo cha BCR-ABL, cha saratani ya damu aina ya CML. Hutumia damu ya mkononi; kikiwa chanya, dawa yake, imatinib, ni vidonge.

Mtu wa Maabara: Na asianzishiwe prednisolone (dawa ya steroidi) kiholela. Kama ni limfoma (saratani ya tezi za limfu), hufifisha majibu ya biopsi, yaani kipimo cha kipande cha nyama. Homa ikifika nyuzi 38, nendeni dharura usiku huohuo.