Tupeane uzoefu: kugeuza tangi la zamani la samaki kuwa bustani ya vyura wa mishale

KangagaMbichi (Leeds)

Habari zenu wakuu. Nafungua uzi huu kwa sababu nilipoanza sikupata hata mtu mmoja wa kumuuliza kwa Kiswahili. Nakuja na yangu, nanyi mlete yenu, hasa pale mlipokosea.

Tangi langu ni la sentimita 80 kwa 35 kwa 40, kama lita 110. Lilikaa gereji miaka mitatu tangu samaki wa watoto walipokufa. Siku moja binti yangu akaniletea picha ya chura mweusi mwenye mikanda ya manjano, Dendrobates leucomelas, wa Venezuela na Guyana, akaniuliza, "Baba, huyu anaweza kukaa kwetu?" Mimi nimekulia Muheza, ambako chura akiingia ndani anatolewa kwa fagio. Sikuwa na jibu, ila swali lile lilinikaa.

Kabla ya chochote niliongea na mama kwa simu. Kusikia "chura wa sumu" tu akasema niwaonee huruma wajukuu wake. Nikamweleza nilichojifunza: sumu ya vyura hawa hutokana na wanachokula msituni, yaani sisimizi na utitiri. Waliozaliwa ndani ya vioo wakalishwa nzi wa matunda hawana sumu hiyo. Hata jina la mishale limetokana na aina chache tu za Phyllobates, ambazo Waemberá, wenyeji wa asili wa Chocó, Kolombia, walizitumia kupaka sumu vishale vya kupuliza. Mama alikubali, kwa sharti kwamba watoto wanawe mikono. Sharti zuri, tunalifuata mpaka leo. Na hatuwashiki ovyo, ngozi ya chura inanyonya kila kitu kilicho kwenye kiganja chako.

Kazi yenyewe: nilitoa magamba ya chokaa kwa siki, nikajaza maji siku mbili kuona kama linavuja. Chini nikaweka vibonge vya udongo wa kuchoma, kimo cha sentimita 5, ili maji yanayochuruzika yapate pa kukaa. Juu yake wavu wa dirishani, kisha udongo. Si udongo wa bustani. Ni mchanganyiko ulioanzia Atlanta Botanical Garden: magome ya okidi, nyuzi za kangaga-mti, mkaa, piti (mboji ya kinamasi) na sfagnamu (mmea laini wa kinamasi unaoshika maji). Una matundu mengi, unapumua, hauozi upesi. Mwisho majani makavu ya mwaloni niliyoyachemsha, nikayatandaza mpaka udongo usionekane.

Kosa langu lilikuwa mfuniko. Niliweka wavu wa chuma nikidhani chura anahitaji hewa nyingi. Ndani ya wiki moja mimea ikanyauka, unyevu ukashuka chini ya asilimia 50, na vinzi vyote vikahamia jikoni kwa mke wangu. Vyura hawa wanataka asilimia 70 kwenda juu. Nikakata kioo kifunike juu yote, nikaacha ukanda mwembamba tu wa wavu laini upande wa nyuma. Siku ya pili asubuhi nilikuta matone yananing'inia kwenye ncha za majani. Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka ikapoa.

Nilingoja wiki nane kabla ya kuwaleta vyura. Binti alilia mara mbili. Lakini wiki hizo ndizo zilizowapa nafasi wale vidudu weupe wadogo warukao, kolembola, kuzaliana udongoni. Wao hula ukungu na uchafu, na vyura wachanga huwala wao.

Karibuni.

MtotoWaBandarini (Rotterdam)

Asante sana kaka kwa kufungua mlango. Mimi yangu ni silikoni.

Nilitaka ukuta wa nyuma uwe kama ukingo wa mto: povu la kupuliza, likikauka unalichonga kwa kisu, unapaka silikoni, unabandika nyuzi za nazi. Nikatumia silikoni iliyobaki tulipotengeneza bafu. Ukuta ukatoka mzuri hata wageni wakawa wanapiga picha. Nikiwa namalizia ndipo nikasoma bomba vizuri: ina dawa ya kuzuia ukungu. Dawa inayoua ukungu bafuni haifai kuwa ukuta wa nyumba ya kiumbe anayenywa maji kwa ngozi. Nilikwangua wikendi mbili nzima, vidole vikavimba.

Safari ya pili nilinunua silikoni ya matangi ya samaki, isiyo na dawa. Ile inatoa harufu ya siki inapokauka. Usiamini kalenda, amini pua: nilifunika tangi usiku, asubuhi nikafungua na kunusa. Mpaka harufu iliisha kabisa zilipita wiki tatu.

Vyura wangu ni wale wa buluu, aina ya tinctorius, wa savana ya Sipaliwini, kusini kabisa mwa Suriname. Jirani yangu ni mzee wa Paramaribo. Alipowaona alikaa chini kimya, kisha akasema kwao aliwajua kwa picha tu, huko kusini hajawahi kufika. Sasa kila Jumapili anakuja kuwatazama.

BintiMuleba (Minneapolis)

Mimi fupi. Nilitaka kutoboa kitako cha tangi niweke bomba la kutolea maji. Hapa Marekani matangi mengi ya dukani kitako chake ni kioo kilichokazwa kwa moto. Drili ilipogusa, kitako chote kikamwagika punje punje sakafuni. Tangi la marehemu shemeji yangu, tulikuwa tumelitunza kwa kumkumbuka. Niliumia sana.

Jamani, msitoboe kabla ya kuhakikisha ni kioo gani. Na kusema kweli hakuna haja. Kwenye tangi la pili nilisimamisha bomba la plastiki pembeni tangu chini kwenye vibonge mpaka juu, nimelificha kwa gome. Maji yakipanda nayavuta kwa mpira mwembamba. Dakika tano tu.

MlimaUluguru (Morogoro)

Shikamooni wakubwa. Mimi sina vyura wala sitafuti. Wa kwenu hawapo huku, na wa kwetu wabaki porini kwao. Nimegeuza tangi langu kuwa bustani ya mimea tu, kangaga na begonia, na ninaupenda uzi huu.

Naomba niongeze jambo. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa manjano asiyefika sentimita 3, alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta chache katika milima ya Udzungwa. Sehemu kubwa ya maji ya mto Kihansi ilipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 walikusanywa vyura 499, wakapelekwa Marekani, na waliookoka walizaliana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wametoweka. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi, ambako mabomba ya kunyunyiza yamewekwa kufanya kazi ya maporomoko.

Sasa fikirini: miaka yote ile kabila zima la viumbe wa nchi yetu liliishi ndani ya vioo vyenye manyunyu ya mashine. Mtu akiniambia kwamba kupanga mkaa na magome ndani ya tangi ni mchezo wa watoto, mimi humsimulia Kihansi.

Swali langu: nina yale maua ya zambarau ya Usambara, ambayo Mjerumani Saint Paul-Illaire aliyapeleka Ulaya mwaka 1892. Yanafaa ndani ya tangi lenye unyevu?

KangagaMbichi (Leeds)

Marahaba mdogo wangu. Habari ya Kihansi nimemsomea binti yangu usiku huu, ameomba nirudie.

Ua lile linapenda hewa yenye unyevu lakini halipendi maji yalale juu ya jani, linaoza kitovu. Mimi nimelipanda juu kabisa kwenye ukingo wa gogo, mahali mnyunyizo haufiki. Limetoa maua mara mbili. Ua la Tanga na chura wa Orinoko ndani ya kioo kimoja, Leeds, na nje theluji.

SaumuNaTangawizi (Toronto)

Nimesita kuandika haya, ila mwenye uzi amesema tulete na makosa.

Nilikuwa na vyura watatu aina ya auratus, wa kijani na weusi. Tangi lilikuwa sebuleni, mbali na dirisha, au ndivyo nilivyodhani. Mwezi wa Julai jua hubadilisha njia. Siku hiyo nilikuwa zamu ya mchana hospitalini, nyumbani hakuna mtu, na jua la saa kumi likaingia moja kwa moja kwenye kioo. Niliporudi kipimajoto kilisoma 34. Hawa wanaishi vizuri kwenye 22 hadi 26, na ikipita 30 ni hatari. Wawili walikuwa wamekufa, wa tatu yupo ndani ya kikombe cha bromelia, mmea wa jamii ya nanasi ambao majani yake hushika maji katikati, amejizamisha mpaka puani. Yule bromelia ndiye aliyemwokoa.

Mimi ni mtu wa Mombasa, joto sijawahi kuliogopa. Nilidhani mnyama wa nchi za joto anataka joto. Kumbe sakafu ya msitu ni kivuli na ubaridi, jua linabaki juu kwenye matawi. Na tangi lililofungwa halina pa kutolea joto.

Sasa tangi liko ukumbini pasipo dirisha. Taa ni ya LED, inawaka kwa muda wa saa 12 kisha inazima. Kiangazi naiwasha alfajiri izime kabla mchana haujapamba moto. Kuna feni ndogo inayopuliza juu ya ule ukanda wa wavu, na kipimajoto kinachonitumia ujumbe kwenye simu kikivuka 27. Yule aliyebaki yupo hai, ni mwaka wa nne.

BintiMuleba (Minneapolis)

Pole sana dada. Asante kwa kutuambia. Nimeinuka sasa hivi kwenda kuangalia jua la kwangu linaingilia wapi.

NaziMbili (Hamburg)

Poleni dada wa Toronto. Wengi huanguka hapo hapo.

Nataka kusema neno juu ya chakula, kwa sababu ni kazi ya kila wiki, si ya siku moja. Nzi wa matunda wasioruka ninawafuga mwenyewe: viazi vya unga, sukari, hamira, siki kidogo kuzuia ukungu, kwenye chupa yenye kitambaa mdomoni. Wale wadogo, melanogaster, hutoa kizazi kipya kwa wiki mbili hivi. Wale wakubwa, hydei, huchukua karibu mwezi. Naanzisha chupa mpya kila Ijumaa hata kama zipo tele, maana chupa ikifa ghafla huna pa kukimbilia. Na kila mara nawatikisa kwenye unga wa kalisi na vitamini kabla ya kuwamwaga.

Jambo la pili ni kifuu. Wafugaji wa huku wananunua nusu ya kifuu cha nazi kwa euro kadhaa, kimetobolewa mlango. Mimi huvunja nazi ya wali wangu na kupata viwili. Unakifunika juu ya kisahani cha plastiki pembeni penye giza, basi. Leucomelas wangu walikaa mwaka na nusu bila dalili yoyote. Kisha dume akaanza kuimba asubuhi, sauti kama ya ndege mdogo, ndefu, mpaka mke wangu akafungua dirisha kumtafuta nje. Wiki ile nikainua kifuu nikakuta mayai manne kwenye kisahani, meusi ndani ya ute.

Sikuyatoa. Niliweka vikombe viwili vya maji kwenye majani, nikaacha. Siku ya kumi na nne, kabla ya kwenda kazini, dume alikuwa juu ya gogo amesimama bila kutikisika. Nikasogeza taa ya simu. Mgongoni kwake kulikuwa na kiluwiluwi mmoja, amebebwa kama mtoto wa mbeleko, na baba yake alikuwa anapanda kuelekea kikombe cha juu.