Difu ya nyuma kwenye gari linalovuta kwa mbele! Watengenezaji wa magari ya modeli, dharau hii mpaka lini?

Wakuu, heshima zenu. Nimekaa siku tatu nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mwaka juzi mtengenezaji mmoja, ambaye sitamtaja, alitangaza modeli ya resini (aina ya plastiki ya kumimina), skeli ya 1:18, yaani ndogo mara 18 kuliko gari halisi: Toyota Corolla E80, sedani ya milango minne. Siyo ya mashindano, siyo ya polisi, ni ile ya kawaida kabisa iliyobeba watu kwenda kazini na watoto kwenda shule. Niliposoma tangazo nilisimama. Hilo ndilo gari la baba yangu. Nimelitafuta kwa miaka mingi katika skeli yoyote inayoonyesha sura yake vizuri, na hatimaye mtu kakubali kulitengeneza. Nikaweka oda siku ile ile, nikalipa yote, nikasubiri miezi kumi na tisa.

Kasha likafika wiki iliyopita. Nilinawa mikono, nikatandika kitambaa mezani, nikalitoa taratibu. Kwa juu sina ugomvi nalo mkubwa. Urefu ni kama sentimita 23, sahihi kwa gari la mita 4.1. Taa za mbele zina kina, siyo stika. Mstari unaotoka kwenye boneti ukapita chini ya madirisha mpaka kwenye buti umenyooka. Nilifurahi kwa dakika labda mbili.

Kisha nikaligeuza.

Chini kuna propela! Bomba refu limetoka kwenye giaboksi likapita katikati ya gari mpaka nyuma, na mwisho wake kuna bonge la difu, lile la kugawia magurudumu ya nyuma nguvu, limekaa kwenye ekseli. Wakuu, E80 ya milango minne inavuta kwa mbele. Kizazi hicho cha 1983 ndicho cha kwanza cha Corolla kuhamishia nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Waliobaki kuvuta kwa nyuma ni ndugu zake wa kimichezo, AE85 na AE86. Hawa jamaa wamechukua sakafu ya AE86 waliyokuwa nayo stoo, wakaifunika kwa bodi ya sedani, wakatuuzia. Nikachungulia ndani kwa tochi, nikakuta viti vya mbele navyo ni vya AE86, vile vilivyochongwa ubavuni ili dereva asiyumbe kwenye kona. Gari la baba lilikuwa na viti vipana, bapa, unateleza kidogo likikata kona.

Nikawaandikia, nikaambatanisha picha sita. Jibu lao ni kwamba wateja wengi huweka gari kabatini, sehemu ya chini haionekani, kwa hiyo hiyo haihesabiki kuwa kasoro na fedha hazirudishwi.

Haionekani na nani?

Mimi gari hilo nimelijua kwa chini kabla ya kulijua kwa juu. Baba alikuwa akilala chini yake kila mwisho wa mwezi, na kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Nina miaka saba, minane, nimelala ubavu kwenye kipande cha boksi, nimeelekeza mwanga pale anaponionyesha kwa kidole chenye grisi. Nalikumbuka buti la raba, ule mfuko unaozuia grisi kwenye ekseli ya mbele, lilivyopasuka na grisi ikarushwa kuzunguka rimu nzima kwa ndani. Nakumbuka mlio ulioanza baada ya hapo, ka-ka-ka-ka kila usukani ukikatwa mpaka mwisho, na baba akazima redio ili sote tusikilize. Hiyo ndiyo sauti ya sivijointi iliyokufa, kile kiungio cha ekseli kinachoruhusu gurudumu kukata kona, na kwenye gari hili hiyo sivijointi iko mbele, kwenye ekseli zinazovuta. Usiku mama alipozidiwa, gari liliondoka likilia hivyo hivyo, na lilifika. Leo mtu ananiambia nisijali kilichoko chini!

Wapo watakaoniambia ni kosa moja la kiwanda kimoja. Hapana. Hili ni tawi tu, mzizi wake ni kwamba hawa watu hawayaheshimu magari ya kawaida. Fungueni orodha yoyote ya matoleo mapya. Ferrari F40, gari la kifahari la mwendo kasi, ilitoka 1987, zikatengenezwa kama 1,300 hivi mpaka ikasitishwa. Jina la Corolla lilianza 1966, na kufikia 2021 yalikuwa yameuzwa zaidi ya milioni 50. F40 unaipata 1:18, 1:24, 1:43, 1:64, nyekundu, njano, ya barabarani, ya mashindano, milango wazi, milango imezibwa. Corolla unayoipata kirahisi ni AE86, kwa sababu inasifika kwa kuserereka kwenye kona. Sedani iliyolea familia ni kama haijawahi kuwepo duniani. Sina chuki na F40, ni gari zuri na ninalo moja kabatini. Lakini hakuna mtu aliyelala kiti cha nyuma cha F40 kichwa kikiwa kwenye mapaja ya dada yake, maana kiti cha nyuma chenyewe hakipo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi hii haikuanza hivi. Jack Odell, mmoja wa waanzilishi wa Matchbox, vile vigari vya kuchezea vya Uingereza, alimtengenezea binti yake kijidubwana cha kushindilia barabara, kwa sababu shule ya mtoto iliruhusu tu kuleta kitu kinachoenea kwenye kiberiti. Matchbox walipoanza kuuza mwaka 1953, namba 1 ilikuwa mtambo wa kushindilia barabara. Namba 2 ilikuwa gari la kumwaga kifusi. Namba 3 mashine ya kuchanganya zege, namba 4 trekta, namba 5 basi la London. Vitu ambavyo mtoto alikuwa akiviona akitoka nje ya mlango! Baadaye, 1968, Hot Wheels, washindani wao wa Marekani, wakaja na magari 16 yenye rangi za kumetameta na ekseli nyembamba zinazokimbia kuliko vyote vilivyokuwa sokoni, mengi yakiwa magari ya nguvu yaliyonyanyuliwa nyuma. Matchbox wakalazimika kufuata, 1969 wakatoa Superfast, vigari vyao vya kukimbia. Toka hapo mtambo wa zege ukasukumwa pembeni na gari la ndoto likakaa katikati ya rafu. Siwalaumu Hot Wheels kwa kutengeneza kinachokimbia, watoto walitaka kinachokimbia. Nawalaumu wa leo wanaotuuzia sisi watu wazima, kwa bei ya watu wazima, wakijiita wahifadhi wa historia ya magari.

Kisingizio chao nakijua kwa moyo: moldi ya chuma ni ghali, lazima gari liuzwe kwa maelfu ndipo fedha irudi. Kwa modeli za zinki sawa, nakubali, zinki iliyoyeyushwa inaingizwa kwa shinikizo kwenye moldi ya chuma na kuchonga moldi hiyo si mchezo. Lakini ninyi mmehamia resini! Resini inamiminwa kwenye moldi ya silikoni, moldi hiyo inachakaa baada ya kumimina mara chache, inatengenezwa nyingine. Uzuri wote wa resini ni kwamba unaweza kutoa gari mia tatu na biashara ikaenda. Tulipokubali milango isiyofunguka na boneti iliyoganda, tuliambiwa ndiyo gharama ya kupata magari adimu. Tukavumilia. Na "adimu" ikageuka kuwa gari la bilionea la mwaka huu, lenye kaboni kila kona, ambalo litasahaulika mwakani likitoka lingine.

Hata skeli yenyewe wanaichezea. Mini ya 1959 ina urefu wa mita 3.05, basi la Routemaster, lile la ghorofa la London, lilitoka na urefu wa karibu mita 8.4. Kwa skeli ya 1:64 Mini inatakiwa kuwa na sentimita 4.8 na basi sentimita 13. Nendeni mkapime vigari vya dukani vinavyouzwa kwenye kadi za kuning'inia: vyote vinalingana, maana vinakatwa vienee kwenye kasha lile lile. Kwa cha mtoto haina neno. Lakini msiandike 1:64 juu yake. Kwa haki nitaje wanaofanya vizuri: Tomica Limited Vintage, vigari vya Kijapani vya 1:64, tangu 2004 wanatoa sedani, pikapu na teksi za Kijapani za kawaida, na zikipangwa pamoja unaona kubwa ni kubwa na dogo ni dogo. Kwa hiyo inawezekana, na wanunuzi wapo. Ila kwa 1:64, Corolla ya baba ni sentimita sita na nusu. Kitasa cha mlango wa nyuma, ambacho mimi ndiye niliyekivunja, kinakuwa kama punje ya mchanga.

Wacha niguse na hili la matairi kwa kifupi kwa sababu ninayo hasira yake pia. Mnaendelea kufunga matairi ya raba laini kwenye rimu za plastiki, mkijua kwamba kilainishi kilichomo kwenye raba hutoka polepole kikayeyusha plastiki inayogusana nayo. Nina gari la miaka tisa, halijawahi kuguswa na jua, limezama kwenye kitako chake cha plastiki kama limekanyaga lami ya moto. Tatizo hili linajulikana miaka na miaka. Kipande kimoja cha karatasi chini ya tairi kingeokoa kitako kile.

Sasa nimeamua. Sakafu ile nitaiondoa mwenyewe. Nimekwisha kukata propela kwa kisumeno chembamba, nikasugua alama zake kwa msasa wa maji namba 400, halafu 800. Bonge la difu limetoka, pamebaki tundu ambalo nimeliziba kwa bamba la plastiki la nusu milimita. Shokapu za nyuma nazichonga kutoka vijiti vya plastiki. Na nimejifunza kwa nini modeli nyingi zinaonekana nene: rangi ya gari halisi ina unene kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiipulizia modeli ya 1:18 kwa unene huo huo, ni kama umelipaka gari halisi rangi ya karibu milimita mbili. Mianya ya milango inazibika, kingo zinakuwa mviringo. Kwa hiyo napuliza ukungu mwembamba, nasubiri, napuliza tena. Kosa la milimita moja hapa ni milimita 18 kwenye gari la kweli. Hii ni kazi niliyotakiwa kukuta imekwisha kufanywa na watu waliochukua fedha yangu.

NYONGEZA: Naona wengine mmeniambia nisikasirike, ni vitu vya kuchezea. Mkuu, gari la baba liliuzwa nikiwa na miaka kumi na nne, likakatwa skrepa. Picha iliyobaki ni moja, na gari lenyewe linaonekana nusu, dada yangu amesimama mbele ya bampa. Baba sasa hivi macho hayaoni vizuri, lakini ukimpa kitu mkononi anakitambua. Nilimpa modeli ile kabla sijaifungua sakafu. Akapitisha kidole juu ya paa, akatabasamu, akaligeuza, kidole kikasimama kwenye difu. Akaniuliza, "Hili la nani?"

Mnaouliza kwa nini sitaji kampuni: nataka wasahihishe, bado nawaandikia kila Jumatatu. Wakigoma ndipo nitatafakari upya.

NYONGEZA 2: Asanteni walionitumia picha za injini, lakini huko mbele nimeshamaliza. Nimekwama nyuma. Nikiwa mtoto nilishika tochi tu, sikuwahi kushika rula. Mwenye E80 ya milango minne inayovuta kwa mbele, iliyo nzima, naomba vipimo vitatu kwa milimita: upana wa ile chuma ya kukingama inayoshika mikono ya nyuma (vyuma vinavyoshikilia magurudumu ya nyuma), umbali kutoka kwenye chuma hiyo mpaka ukingo wa tangi la mafuta, na kipenyo cha bomba la eksozi linapopita juu ya mkono wa kulia, au wa kushoto kama liko huko, maana nimeona michoro miwili inayopingana. Picha ipigwe kwa kulala kabisa, siyo kwa kuinamisha simu. Na tafadhali, ukilinyanyua gari weka stendi pande zote mbili kabla ya kuingia, usitegemee jeki peke yake.