Mjadala: Nairobi ipewe polisi wake, au kwanza tujue kanjo anashtakiwa wapi?

Mwenye mada

Hamjambo wadau. Simu yako ikinyakuliwa Moi Avenue ukamlilia gavana, utajibiwa kwamba usalama haukugatuliwa, nenda kituoni. Na kweli haukugatuliwa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliziachia kaunti masoko, maegesho, leseni za biashara, takataka, hata leseni za mbwa. Polisi wakabaki kwa serikali ya kitaifa, chini ya Inspekta Jenerali mmoja kutoka Mandera hadi Vanga. Nairobi ilihesabiwa watu 4,397,073 mwaka 2019, na yule waliyemchagua hana amri juu ya konstebo hata mmoja.

Lakini gavana ana askari. Sote twawajua: kanjo. Wanakamata, wanapakia watu kwenye gari, wanachukua mali, wanakufikisha Korti ya Jiji. Wamekosa bunduki tu, na wanaouza nguo kando ya barabara watakwambia rungu latosha.

Sasa kuna wanaosema Kifungu 247 kimeacha mlango wazi: Bunge linaweza kutunga sheria ya kuunda huduma nyingine za polisi, mradi zisimamiwe na Huduma ya Kitaifa ya Polisi na ziwe chini ya amri ya Inspekta Jenerali. Basi, wanasema, kanjo wapelekwe chuo cha polisi Kiganjo, wavae sare zenye majina, wawe polisi wa jiji, na kazi imeisha.

Mimi napinga, na si kwamba nafurahia mambo yalivyo. Tunataka kumpa gavana watu wenye silaha wakati hatujajua hawa wenye rungu wakikosa wanashtakiwa wapi. Polisi akikuvunja mkono, kuna IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Ina udhaifu wake, lakini ina ofisi na wachunguzi, na kuna polisi waliofungwa kwa kazi yake. Kanjo akikuvunja mkono, IPOA watakwambia huyo si wao. Utaelekezwa kwa mkubwa wake, yule yule aliyemtuma. Ama uende kituoni umshtaki kama raia yeyote, ujieleze mbele ya afisa ambaye pengine wiki jana walikuwa pamoja kwenye operesheni.

Kabla ya bunduki, tuanze na daftari la malalamiko. Karibuni mnipinge.

Muuza mitumba

Umesema vizuri, lakini umesema kama mtu anayenunua viatu, si anayeviuza.

Mji sitautaja maana bado nauza hapo. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ndiyo saa yetu, watu wakitoka kazini. Vijana wanne wakashuka kwenye gari lisilo na maandishi. Sare hakuna, kitambulisho hakuna. Wakashika pembe nne za karatasi ya nailoni niliyotandaza, wakaikunja na viatu vyote ndani, wakarusha garini. Jozi 23. Nikaomba risiti. Mmoja akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

Kesho yake nikaenda ofisini kwao. Nikaambiwa jana hakukuwa na operesheni yoyote. Wiki iliyofuata nikaona jozi tatu zangu kwa mwenzangu mtaa wa pili, kauziwa na "jamaa fulani". Raba moja nilikuwa nimeishona mwenyewe kisiginoni, kwa hivyo siwezi kukosea. Yeye pia alikuwa ametoa pesa yake, ningemfanyia nini? Nikazinunua.

Kwa hivyo msiniulize kama nataka askari wa gavana au wa rais. Nataka risiti.

Ugatuzi Damu

Pole ndugu. Lakini mwenye mada anatuzungusha. Daftari la malalamiko! Tunalo tayari la IPOA, na tazama Juni 25, 2024. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu zaidi ya watu 60 waliouawa kwenye maandamano ya mwaka ule. Na Juni 17, 2025, mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi kichwani mchana kweupe katikati ya jiji, kamera zikiwa wazi. Niambie ni diwani gani wa bunge la kaunti aliyekuwa na uwezo wa kumwita kamanda wa Nairobi ajibu. Hakuna. Kamanda hana haja na diwani, hana haja na gavana, hana haja na wewe. Anamwogopa anayempa uhamisho.

Halafu tukumbuke Septemba 2024. Kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aliitwa na Mahakama Kuu aeleze walipo vijana waliotekwa Kitengela. Hakwenda. Akaitwa tena, hakwenda. Ikabidi Jaji Lawrence Mugambi amhukumu miezi sita kwa kudharau mahakama ndipo njia ya kortini ikaonekana, na kifungo kikaondolewa. Kama jaji anadharauliwa hivyo, mama mboga wa Kariobangi atasikizwa na nani?

Gavana mbaya nitamng'oa baada ya miaka mitano. Inspekta Jenerali nitamng'oa na nini?

Mwenye mada

Swali la mwisho ni zito, sitalikwepa. Lakini kumbuka tulikotoka. Tume ya Waki, 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya thuluthi moja kwa risasi. Ikaja kamati ya Ransley 2009, ya mageuzi ya polisi. Ndiyo sababu Katiba ikaandika kwamba hakuna mtu wa kumwelekeza Inspekta Jenerali amchunguze nani wala amkamate nani. Nia ilikuwa kutoa mkono wa mwanasiasa kwenye kifyatulio. Wewe wataka kuurudisha, tena karibu zaidi.

Na wanasiasa wa jiji hili twawajua. Februari 2025 Kenya Power walikatia kaunti umeme kwa sababu ya deni. Kaunti ilifanya nini? Malori ya taka yakaenda kumwaga uchafu mlangoni pa Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Mchana. Hilo lilikuwa jibu la serikali kwa mdai wake. Waliokuwa na malori ya taka walimwaga taka. Wakipewa kikosi chenye bunduki watamwaga nini?

Ugatuzi Damu

Haha, hapo umenipata kidogo. Lakini wale waliomwaga taka uliwaona, ukawataja, na gavana alijibu maswali mbele ya kamera. Waliofyatua risasi 2024 walifunika nyuso.

Sheria Mkononi

Ngoja niwakatize nyote wawili, mnapigania kitu ambacho hakipo. Mwenye mada amekinukuu Kifungu 247 vizuri kisha akakisahau katika aya iliyofuata. Polisi yeyote wa ziada atakuwa chini ya amri ya Inspekta Jenerali. Amri, si ushauri. Maana yake kanjo wakigeuzwa polisi kwa njia hiyo, gavana ndiye atakayelipa mishahara na kununua sare, halafu simu ya asubuhi itatoka Jogoo House, makao makuu ya polisi. Anayeogopa gavana mwenye jeshi hana sababu ya kuogopa, na anayemtaka gavana awe mkubwa wa polisi atafute kura ya maoni abadilishe Katiba, si sheria ya Bunge.

Pili, kuna chombo ambacho hakuna aliyekitaja hapa, na hilo linanisikitisha kuliko taka za Stima Plaza. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, sehemu ya 41, inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Kaunti ya Masuala ya Polisi. Mwenyekiti ni gavana au mtu aliyemteua. Ndani yake wapo wawakilishi wawili wa bunge la kaunti, wakuu wa polisi, wa upelelezi na wa ujasusi katika kaunti, na raia: wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wa dini, watu wenye ulemavu. Kazi yake ni kupendekeza polisi wape nini kipaumbele, kufuatilia uhalifu na kupokea taarifa. Haiamrishi kukamata mtu. Lakini ni meza ambayo kamanda analazimika kuketi mbele ya mchuuzi na kuulizwa.

Ugatuzi Damu, diwani uliyekuwa ukimtafuta yumo humo. Muulize wa wadi yako walikutana lini mara ya mwisho.

Ugatuzi Damu

Nimempigia kabla ya kuandika hapa. Akaniuliza "mamlaka gani?" Sitasema wadi.

Mwenye mada

Sheria Mkononi, kuhusu 247 nimekosea, nakubali. Niliandika kifungu kwa usahihi kisha nikabishana na kitu kingine. Hoja ya kanjo kutokuwa na wa kuwachunguza bado nimeishika.

Sanse Mstaafu

Nilivaa sare ya polisi miaka 26, kwa hivyo nitapigwa mawe hapa, haidhuru.

Mnabishana nani atoe amri. Mimi nauliza nani ataajiri. Siku kaunti itakapotangaza nafasi 3,000 za polisi wa jiji, mnadhani zitafika kwa kijana wa Mukuru aliyekimbia mbio akashinda? Madiwani wana wapwa. Kule kwetu kuajiriwa kulikuwa na hongo yake, siwezi kukana, lakini angalau huyo kijana aliyehonga Kakamega hakupangwa kulinda mtaa wa aliyemwingiza.

Na hawa wakubwa wawili Sheria Mkononi anaowataja, mmoja wa mshahara na mmoja wa amri, mimi nawajua. Wakigombana, konstebo analala njaa, na konstebo mwenye njaa anatoka barabarani kutafuta. Jopo la Maraga la mageuzi ya polisi lilipewa kazi Desemba 2022, likamkabidhi Rais ripoti Novemba 2023, na ukiisoma utaona kurasa nyingi ni za mishahara na nyumba. Watu walicheka, eti polisi wanataka huruma. Si huruma. Nimeishi na familia kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia, upande wa pili mwenzangu na mkewe. Halafu asubuhi unipe bunduki na uniambie niwe mpole.

Kanjo sitawatetea. Wakija kuomba tuwasindikize, tulikuwa tunajua vitu vingine havifiki bohari.

Muuza mitumba

Mlikuwa mnajua.

Sanse Mstaafu

Tulikuwa tunajua, mama.

Muuza mitumba

Mimi ni baba.

Mwanamji wa Minneapolis

Wakenya wenzangu, nimeishi Minnesota miaka mingi na kura nilipiga, kwa hivyo niwape cha huku. Minneapolis meya ndiye mkubwa wa polisi, kile kile Ugatuzi Damu anachokiomba. Na bado George Floyd aliuawa Mei 25, 2020, chini ya goti la askari wa jiji, wengine watatu wakiwa pale.

Siku chache baadaye, Juni 7, madiwani tisa walipanda jukwaani Powderhorn Park wakaapa kuvunja idara ya polisi. Sisi tukashangilia. Kumbe katiba ya jiji ilikuwa inalazimisha idadi ya chini ya polisi kulingana na idadi ya watu, hawangeweza kuvunja kitu. Ikabidi twende kura Novemba 2, 2021, tuifute idara tuweke ya usalama wa umma. Ilianguka, kama asilimia 56 walikataa. Na mitaa ya kaskazini ambako Waafrika Wamarekani ni wengi haikuokoa kura hiyo. Jirani yangu, mama mtu mzima, mwanawe alishawahi kupigwa na polisi, alipiga hapana. Akaniambia, "Risasi zikilia usiku nitampigia nani, diwani?" Siku hiyo hiyo tulipiga kura ya pili ya kumwongezea meya mamlaka. Ikapita!

Mabadiliko ya lazima yaliyofuata hayakutoka kwa meya wala kwa madiwani. Idara ya haki za binadamu ya jimbo ilichunguza, na 2023 jiji likakubali masharti yanayosimamiwa na mahakama.

Ugatuzi Damu

Ndugu, umeacha kitu kimoja. Familia ya Floyd ililipwa dola milioni 27. Zilitoka wapi?

Mwanamji wa Minneapolis

Kwa jiji. Yaani kwangu na kwako ungekuwa huku.

Ugatuzi Damu

Basi ndiyo hoja yangu. Huko kila mlipa kodi wa jiji alihisi goti lile kwenye mfuko wake, akawa na sababu ya kuuliza. Hapa korti ikiamua familia ya Mathare ilipwe, deni ni la serikali ya kitaifa, limemwagwa juu ya kaunti 47, hakuna anayelihisi. Na familia inasubiri mpaka inachoka.

Mwenye mada

Hiyo hoja ni nzuri kuliko zote ulizoleta, na sina jibu lake leo. Nitasema tu kwamba kanjo wako tayari ni wa kaunti, fidia zao zingetoka kwa kaunti, na sijawaona wapiga kura wa Nairobi wakihisi chochote mfukoni.

Mpwani

Sababu hakuna ashitakiye. Mwenye jozi 23 ataweka wakili kwa pesa gani? Hata hiyo fidia hamtaisikia.

Sheria Mkononi

Mpwani kagusa penyewe. Lakini kuna hatua isiyo na gharama. Kanjo akikukamata, Kifungu 49 ni chako vile vile kama ungekamatwa na polisi: uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Mali ni yako kwa Kifungu 40 hata ikiwa garini mwao. Dai orodha iliyoandikwa, vitu vingapi, vya aina gani, jina la aliyechukua, tarehe. Akikataa, andika mwenyewe, mashahidi wawili watie sahihi, peleka nakala kwa karani wa bunge la kaunti na upigiwe muhuri. Bunge la kaunti lina ruhusa ya kupokea ombi la raia yeyote, na wachuuzi 200 wakiwasilisha karatasi 200 zenye muhuri, wa kusema "hakukuwa na operesheni" atapata kazi.

Muuza mitumba

Wakili, hiyo orodha naiomba kabla hawajakunja nailoni ama baada?

Sheria Mkononi

Kabla. Na muwe wawili, mwenzako apige picha.

Muuza mitumba

Tukiwa wawili, huyo wa pili kazi yake ni kukimbia na viatu.