Ni wacharaza gitaa gani wa roki ya progresivu ambao hawajapewa heshima yao?

Msikilizaji wa Usiku:

Ndugu wapenzi wa muziki, kila yanapoanza mazungumzo kuhusu gitaa katika roki ya progresivu, majina yanayotajwa ni yale yale: Robert Fripp wa King Crimson, Steve Howe wa Yes na David Gilmour wa Pink Floyd. Sina ugomvi na yeyote kati yao, kwani kila mmoja anastahili sifa aliyonayo. Ila muziki huu una jambo lake la pekee. Nyimbo ni ndefu, mizani, yaani hesabu ya mapigo, hubadilika kila mara, na piano, ogani na melotroni (ala ya vibonye inayotoa sauti zilizorekodiwa kwenye kanda) huchukua nafasi kubwa kiasi kwamba mpiga gitaa mwenye adabu ya kuupisha wimbo huishia kusahaulika hata na wale wanaoupenda wimbo wenyewe.

Mfano wangu ni Andrew Latimer wa bendi ya Camel. Albamu yao ya mwaka 1975, The Snow Goose, haina hata ubeti mmoja wa maneno, kwa hiyo hadithi yote inasimuliwa na ala, na sehemu kubwa ya usimulizi huo ni gitaa na filimbi, ambazo zote mbili anazipiga yeye. Kisha kuna "Ice", kipande cha zaidi ya dakika 10 kinachofunga albamu yao ya mwaka 1979. Nimekisikiliza kwa miaka mingi, na bado nikifika pale anapoukamata uzi mmoja, akauvuta taratibu mpaka sauti ipande, kisha akauacha ulie peke yake bila kuufuatishia nota nyingine, huwa naacha chochote nilichokuwa nikikifanya. Mtu mwingine angeijaza nafasi ile kwa nota ishirini.

Naomba mnisaidie: ni nani mwingine aliye katika hali hiyo? Tafadhali msitaje jina peke yake, bali mtueleze tusikilize kipande gani na tutege sikio wapi.

Nyuzi Sita:

Mimi namtaja Steve Hackett, aliyekuwa na bendi ya Genesis kuanzia mwaka 1971 hadi 1977. Najua wapo watakaosema kwamba huyu anajulikana. Jina lake linajulikana, nakubali, lakini ukimwuliza msikilizaji wa kawaida kuhusu Genesis atakusimulia habari za mwimbaji Peter Gabriel na mavazi yake ya jukwaani, au za Phil Collins aliyetoka nyuma ya ngoma akawa mwimbaji. Hackett alikuwa akipiga akiwa ameketi pembeni, ameliinamia gitaa lake, na watu wakazoea kumchukulia kama alivyoketi.

Sikiliza "Firth of Fifth" kutoka albamu ya mwaka 1973, Selling England by the Pound. Melodi maarufu ya gitaa iliyomo humo haikuzaliwa kwenye gitaa, bali ilitungwa na Tony Banks, mpiga kinanda wa bendi, kwenye piano, na ndani ya wimbo tunaisikia kwanza ikipulizwa na Gabriel kwa filimbi, tena kwa ufupi na kwa upole. Dakika kadhaa baadaye, sinthesaiza ikishamaliza kukimbia, Hackett anaichukua melodi ile ile na kuitandaza juu ya melotroni. Nawashauri msikilize sehemu ya filimbi, kisha mruke moja kwa moja hadi ya gitaa. Mtaona kwamba umbo la melodi halijabadilika sana, na kwamba kilichobadilika ni muda ambao kila nota inapewa kabla ya kuachiwa. Kuna nota moja ya juu anayoishikilia kwa muda mrefu mpaka msikilizaji anaanza kujiuliza itaishia wapi, na ala nyingine zote zinaendelea kusogea chini yake. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha mpiga gitaa, kuliko wingi wa nota anazoweza kuziweka ndani ya sekunde moja.

Niongeze jambo ambalo husahaulika mno. Katika "The Return of the Giant Hogweed" ya mwaka 1971, Hackett hatumii mkono wa kulia kukwaruza nyuzi peke yake, bali anazigonga kwa kidole cha mkono huo juu ya shingo ya gitaa, huku mkono wa kushoto ukimalizia nota nyingine. Mtindo huo ulikuja kujulikana duniani kote kupitia albamu ya kwanza ya bendi ya Van Halen, mwaka 1978. Sidai kwamba Hackett ndiye aliyeuvumbua, ila miaka 7 ni mingi, na inasikitisha kuona jinsi anavyotajwa kwa nadra katika habari hiyo.

Fundi wa Ogani:

Kwa ufupi: Martin Barre wa bendi ya Jethro Tull. Mwimbaji wao, Ian Anderson, akiwa anapuliza filimbi huku amesimama kwa mguu mmoja, nani atamtazama mpiga gitaa? Barre alijiunga na bendi mwishoni mwa mwaka 1968 akakaa nayo kwa zaidi ya miaka 40. Solo yake katika "Aqualung" ya mwaka 1971 ni ya wale wanaojua wanakwenda wapi, na unaweza kuiimba kwa mdomo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mlinda Mizani:

Ndugu Nyuzi Sita, maelezo yako kuhusu "Firth of Fifth" nimeyapenda sana, lakini naona tunachanganya mambo mawili. Kuna mtu ambaye hakuwahi kutambuliwa, na kuna mtu aliyetambuliwa kisha akasahaulika. Wa pili ndiye anayeniuma zaidi, na kwangu ni Jan Akkerman wa Focus, bendi ya Uholanzi. Mwaka 1973 wasomaji wa gazeti la Melody Maker la Uingereza walimpigia kura kuwa mpiga gitaa bora, katika kipindi ambacho ushindani ulikuwa mkali kuliko wakati mwingine wowote. Leo, wengi wanaoikumbuka Focus wanakumbuka "Hocus Pocus" na ile sauti ya ajabu ya mwimbaji wao, Thijs van Leer, inayopandishwa na kushushwa kooni. Ni wimbo mzuri, lakini umemfunika Akkerman kabisa. Mtu huyuhuyu alikuwa pia akipiga lutu, ala ya kale ya nyuzi, na albamu yao ya Hamburger Concerto ya mwaka 1974 inafunguliwa kwa kipande kifupi cha lutu ambacho hakina dalili yoyote ya roki. Ukikisikiliza ndipo utakapoelewa mahali zilipotoka nota zake safi, zilizotenganishwa moja moja hata wimbo unapokwenda kasi.

Kwa upande wa asiyewahi kutambuliwa, namtaja Gary Green wa bendi ya Gentle Giant bila kusita. Wenzake walikuwa na mizizi mirefu katika muziki wa kitaalamu, na Kerry Minnear alisomea utunzi katika Royal Academy of Music mjini London, ilhali Green alitokea kwenye bluzi. Katika bendi ambayo sauti nne au tano hufuatana na kupishana kama watu wanaosuka mkeka mmoja, yeye alipewa uzi wake na akausuka kwa nidhamu, hivyo ni rahisi kumsikiliza bila kumsikia. Anzeni na "Peel the Paint", kutoka albamu ya Three Friends ya mwaka 1972. Wimbo unaanza kwa upole mkubwa, kisha unapasuka, na mwishowe ala nyingine zinanyamaza na kumwachia Green na mpiga ngoma peke yao.

Msikilizaji wa Usiku:

Nawashukuru nyote. Nimeisikiliza "Peel the Paint" mara tatu mfululizo. Nilichokigundua ni kwamba Green anatumia mwangwi kama mwenzake wa kuzungumza naye: anapiga kifungu kifupi, anasubiri kirudi, kisha anakijibu kabla hakijafifia. Hakuna besi wala ogani ya kumfichia kosa, na bado haharakishi. Ndugu Mlinda Mizani, je, waliwahi kuupiga wimbo huo jukwaani ukarekodiwa?

Mlinda Mizani:

Ndiyo. Tafuta Playing the Fool, albamu yao ya maonyesho iliyotoka mwaka 1977. Imo mwishoni kabisa, imeunganishwa na "I Lost My Head". Isikilize kwa sauti kubwa kidogo.