Karata zenye herufi za Kijapani na grafiti, nianzie wapi?

mchoraji_mikindani: Wadau habari, nipo Mtwara nachora mabango ya maduka na maandishi ya bodaboda, sasa nataka kudizaini karata zangu mwenyewe, pakiti kamili ya 52, herufi za zamani za Kijapani zichanganyike na grafiti za ukutani. Naombeni mawazo kabla sijapeleka kuprinti.

fundi_shangani: Mkuu kali hiyo. Tafuta mtindo wa kanteiryu, ulianza 1779 huko Edo, ndo Tokyo ya leo, kwa ajili ya mabango ya maigizo ya kabuki. Mistari minene, imejikunja kwa ndani, nafasi tupu karibu hakuna, maana walitaka na ukumbi ujae watu hivyo hivyo. Grafiti nayo herufi zinabanana vilevile, zitakubaliana tu.

dada_wa_lindi: Sawa ila jamani karata ni za kuchezwa, watu wanacheza barazani usiku taa hafifu, shupaza na pau zisifanane! Namba za kwenye kona acha wazi kabisa, mbwembwe zote weka katikati. Mgongo nao ukigeuzwa juu chini uonekane vilevile, la sivyo wajanja watazijua.

korosho_boy: Cheki na hanafuda, karata za Kijapani, zipo 48, miezi 12, kila mwezi na mmea wake. Nintendo, wale wa magemu, walianza na hizo Kyoto 1889.

mchoraji_mikindani: Asanteni sana, basi uru naipa maua ya mkorosho, na mfalme wa kopa namvisha kinyago cha mapiko cha Kimakonde.